Dizeli ya Sinan

Zumreta alipiga stata mara ya nne. Injini ilizunguka kwa nguvu, ikakohoa, ikanyamaza. Aliachia ufunguo, akatazama mbele kupitia kioo, na mtu yuleyule ambaye asubuhi hiyo hakutaka kumwona ndiye aliyekuwa amesimama uani, mikono mfukoni, kofia ya manyoya imeshuka hadi kwenye nyusi, anatabasamu.

"Limelala?" aliuliza Hivzo.

"Limeamka zamani. Limekuona wewe likakata tamaa."

"Maneno hayawashi gari, shemeji."

"Wala meno hayaliwashi. Yafunike, yatapasuka kwa baridi hii."

Hivzo alicheka, maana alikuwa na kila sababu ya kucheka. Redio ilipotangaza baridi kali itakayoshuka nyanda zetu za juu za Pešter, alipanda kutoka mjini jana yake jioni na mkweche wake wa Kirusi unaotumia petroli, eti kuja kuwajulia hali. Zumreta alimwandalia supu, akamtandikia kitanda, na usiku kucha alijua kwamba mgeni wake hakuja kujua hali ya mtu yeyote ila ya gari.

Hivzo alikuwa mdogo wake Sinan, na Sinan alikuwa mume wa Zumreta. Sinan alifariki msimu wa mwaka juzi majani yalipokuwa yakipukutika. Watoto Mungu hakuwajalia, kwa hiyo walibaki wanawake wawili katika nyumba ya mwisho ya kijiji: Zumreta na mama mkwe wake, Mevla, pamoja na ng'ombe na upepo. Kisha figo za Mevla zikagoma. Mara tatu kwa wiki sharti ashuke mjini Pazar kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na gari la wagonjwa lilikuwa likipanda mlima siku linapojisikia. Zumreta hakumlilia mtu. Aliuza madume yake yote ya ng'ombe, na majira ya kuchipua akashusha uani gari la dizeli ambalo mwenyewe wa kwanza hakukaa nalo hata mwaka, lina viti vinavyopashwa moto na bado lina harufu ya dukani.

Gari lile lilimkaa Hivzo kooni. Siku ya Bajram, Idi yetu, mbele ya ukoo mzima, kikombe cha kahawa mkononi, alitamka: "Siku moja tu, shemeji. Siku moja gari lako likigoma kumfikisha mama kwenye mashine, anahamia kwangu mjini, na nyumba hii tunaifunga mpaka theluji iishe." Zumreta, pua zimemfura kwa hasira, alimjibu, "Sawa. Na wote hapa ni mashahidi." Baadaye alitamani angejiuma ulimi. Huku kwetu nyumba iliyofungwa majira ya baridi haifunguliwi tena. Paa linaelemewa na theluji, panya wanaingia, ng'ombe wanauzwa, na mwaka unaofuata watu wanapita wakisema hapa palikuwa kwa fulani.

Basi alifungua boneti. Kichwani alikuwa anawaka, lakini mikono aliituliza. Alianza na betri, kwa kuwa kila mtu huanza na betri. Betri ilikuwa nzima: stata ilizungusha kama siku ya Julai, na taa za mbele zilimulika ukuta wa banda bila kufifia. Plagi za kupasha joto nazo hazikulalamika. Kitaa chao cha njano kiliwaka kwenye dashibodi, kikangoja, kikazima kama siku zote. Alikung'uta theluji kwenye mdomo wa bomba la kuvuta hewa, akalikuta liko wazi. Injini ilikuwa na nguvu, ina joto la kuanzia, ina pumzi. Kilichokosekana ni chakula.

"Nusu lita ya petroli," alisema Hivzo, ambaye sasa alikuwa amesogea na kuinama naye juu ya injini kama daktari mkuu. "Imimine ndani ya tangi. Baba alifanya hivyo na trekta miaka yote."

"Trekta ya baba ingewaka hata kwa maziwa. Pampu ya hili inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiipa petroli inajisaga, na vumbi la chuma linaingia injini nzima."

"Basi makaa. Nakuletea makaa kwenye koleo, tunayasukuma chini ya tangi."

"Tangi la plastiki?" Zumreta alinyanyua uso. "Hivzo, unataka kumpeleka mama hospitali au unataka kunipeleka mimi kaburini?"

"Mimi nasaidia tu."

"Nisaidie kwa kunyamaza."

Alirudi ndani ya gari kujaribu tena, na safari hii macho yake yakaangukia mshale wa mafuta. Ulikuwa umesimama kwenye kujaa. Akaugonga kwa ukucha. Haukusogea. Juzi aliporudi kutoka Pazar aliuacha chini ya nusu, naye hakuwa amepita kituo chochote tangu hapo.

Alikwenda jikoni kuchukua gudulia la kioo. Juu ya jiko glavu za sufu za Mevla zilikuwa zikikauka, na chumba kizima kilinuka dizeli. Alidhani ni yeye mwenyewe anayenuka. Akarudi, akalala ubavu juu ya theluji, akalegeza skrubu ndogo iliyo chini ya filta. Dizeli haikutiririka. Ilidondoka polepole, tone kwa tone, na alipoliinua gudulia kwenye mwanga aliona kitu kama mchuzi wa kondoo uliolala nje: wa njano, mzito, umejaa chembe nyeupe.

Hapo alijua. Hata mtoto wa Pešter angejua. Dizeli inayouzwa vituoni kuanzia Novemba imetengenezwa kuvumilia baridi. Ile ya kiangazi ina nta ndani yake, na baridi ikikaza, nta inaganda na kuziba filta. Swali halikuwa kitu gani. Swali lilikuwa nani.

Maana dizeli ya kiangazi katika Januari haipatikani popote isipokuwa mapipani. Tangu miaka ile ya vikwazo vya mataifa, mafuta yalipokuwa yakiuzwa kando ya barabara kwenye chupa za soda na mtu akitoa mwanakondoo kwa dumu moja, hakuna nyumba huku juu isiyo na pipa lake ghalani. Linajazwa Julai kabla ya kukata nyasi, linafunikwa kwa gunia, linalindwa kuliko binti. Nchi imebadilisha jina mara kadhaa. Mapipa yapo palepale. Ukituambia kwamba kituo kiko bondeni na kiko wazi kila siku, tutakukubalia kwa adabu na kesho tutajaza pipa.

"Umetia wewe?" Zumreta alimfuata Hivzo na gudulia mkononi.

"Nimetia nini?"

"Ulilala hapa. Ulikuwa na usiku mzima."

Hivzo alipotazama gudulia tabasamu lilimtoka. "Wallahi sijagusa gari lako."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la kaka yangu."

Kwa kaburi lile Hivzo hakuwa na mzaha, na Zumreta alimwamini, ingawa kumwamini kulimuuma. Alikuwa na mambo mengi, Hivzo, lakini kumpenda mama yake hakuwa anaigiza. Tatizo lake ni kwamba kila alichokipenda alitaka akiweke mfukoni.

Zumreta aligeuka kuelekea nyumbani. Mevla alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha vaa koti la kwenda hospitali, kitambaa kimefungwa vizuri kidevuni, mkono usio na glavu umeshika mkongojo. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti. Macho yake hayakuwa juu ya gari wala juu ya Hivzo. Yalikuwa juu ya gudulia.

Glavu, aliwaza Zumreta. Ya Rabi, zile glavu.

Aliona yote kwa mara moja. Aliona bibi kizee wa miaka sabini na minne akiburuta dumu kwenye theluji jana mchana, yeye Zumreta akiwa bandani anakamua. Aliona pia yatakayofuata. Hivzo akijua, hatabishana tena habari ya gari. Atasema mama ameanza kuchanganyikiwa, leo katia dizeli ya kiangazi, kesho ataacha jiko wazi, na ukoo mzima utatikisa vichwa kumuunga mkono.

"Ni mimi," alisema kwa sauti. "Nimekumbuka. Nilijaza mwenyewe kutoka pipani, nikasahau kwamba ni ya kiangazi."

"Wewe?" Hivzo alitandaza mikono. Furaha ilimrudia usoni. "Wewe unayenisomea mimi somo la pampu? Haya, basi, tumemaliza. Mama! Twende, mkweche unaunguruma tayari. Chukua na nguo zako za kutosha."

Mevla alishuka ngazi. Alivuka uani polepole, mkongojo ukitoboa theluji, na Hivzo akamkimbilia kumfungulia mlango wa mkweche. Bibi alimpita. Alikwenda hadi kwenye gari lililokufa, akafungua mlango wa nyuma, akajiweka kitini, akauvuta mlango ukajifunga kwa ule mlio mzito wa magari mapya. Kisha akateremsha kioo kwa kadiri ya upana wa vidole.

"Mimi naenda na gari langu," alisema.

"Mama, limekufa hilo!"

"Basi nitangoja lifufuke. Funga mdomo, unaniingizia baridi."

Kwa hiyo walifanya jambo ambalo kijiji bado kinalicheka. Zumreta alimwita jirani yao Zulfo, anayeondoa theluji barabarani kwa trekta, naye, trekta isije ikawatisha ng'ombe, akaja na farasi, kamba na madumu mawili ya dizeli ya majira ya baridi aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya kazi. Banda la ng'ombe lilikuwa la mawe, limejengwa kwa ajili ya mikokoteni ya nyasi, mlango wake mpana. Na ng'ombe wakikaa ndani na milango imefungwa, hakuna mahali penye joto zaidi yake katika nyanda zote zile. Farasi alivuta, Zulfo akasukuma, Zumreta akashika usukani kutoka nje huku akiteleza. Mwishowe hata Hivzo aliweka bega, akilaani kwa ustadi mkubwa, kwa sababu mama yake alikuwa ndani na hakuweza kusimama akimtazama akivutwa na mnyama. Gari likaingia bandani na bibi wake ndani, likasimama kati ya ng'ombe wanne waliogeuza vichwa na kulipumulia mvuke.

"Mashallah," alisema Zulfo. "Sasa tulikamue?"

"Saa tano," alisema Hivzo, akipangusa mikono. "Saa saba mashine inamngoja, na barabara hii ni mwendo wa saa mbili. Ikifika saa tano halijawaka, nambeba mama mwenyewe, hata akining'ata."

"Nitakung'ata," ilisema sauti kutoka ndani ya gari.

Zumreta alichomoa matofali yaliyokuwa yakilala ndani ya jiko kwa ajili ya kupasha vitanda, akayafunga kwa magunia, akayapanga chini ya tangi. Yalipopoa aliyarudisha, akaleta mengine. Filta aliivika matambara, akaimwagia maji ya moto kidogo kidogo, birika baada ya birika, kama mtu anayemwogesha mtoto mwenye homa. Jasho lilimtoka mgongoni. Hakuna aliyemwambia kwamba itafaulu, na yeye hakujiuliza. Kuna asubuhi mtu anakuwa na hasira iliyo bora kuliko matumaini, na asubuhi ile ilikuwa mojawapo.

Alipokuwa amepiga magoti karibu na gurudumu la nyuma, kioo kiliteremka juu ya kichwa chake.

"Kwa nini umesema ni wewe?" aliuliza Mevla kwa sauti ya chini.

"Mama, angekuchukua. Angesema akili zimeanza kuruka."

"Na zimeruka?"

"Sijui. Niambie wewe. Umekaa na pipa lile tangu Sinan afariki, hata Zulfo alipoomba dumu moja wakati wa nyasi ulimnyima. Sasa umelifungua na kulimimina kwenye gari langu?"

Ng'ombe mmoja alilamba kioo cha mbele.

"Alilijaza kiangazi chake cha mwisho," alisema Mevla. "Alilibingirisha mwenyewe mpaka ghalani, tayari mgonjwa, akaniambia, 'Mama, msije mkakwama.' Nimelitazama pipa lile kila siku. Najiuliza, linangoja nini? Kila wiki unanishusha na kunipandisha. Unaamka kabla ya kuku. Mimi sina cha kukupa, mwanangu, hata jibini ninayokupa umeitengeneza wewe. Nikasema, atupe yeye. Nilitaka na yeye atubebe." Akapangusa pua kwa ncha ya kitambaa. "Kiangazi au baridi, hilo halikunijia kichwani. Kwangu ilikuwa ni dizeli ya Sinan."

Zumreta alibaki amepiga magoti, tofali la moto mikononi. Alilia, na hakujificha, kwa kuwa waliomwona walikuwa ng'ombe tu. Kisha akalisukuma lile tofali mahali pake.

Dizeli ilipoanza kulainika alichomoa mpira unaoingia kwenye filta, akauelekeza kwenye ndoo, akawa anageuza ufunguo bila kupiga stata ili pampu ya tangini isukume. Mwanzoni ulitema makohozi. Baadaye ulitiririka. Walitoa ndoo nne, wakazirudisha pipani zikangoje msimu wa nyasi, na juu ya yale machache ya Sinan yaliyobaki tangini Zulfo akamimina madumu yake mawili. Zumreta alirudisha mpira, akaukaza. Alikata boksi la karatasi ngumu akalifunga mbele ya rejeta ili upepo wa barabarani usiipoze.

Mlango wa banda ulifunguka, Hivzo akaingia na baridi yake, saa ameishika mkononi.

"Saa tano. Mama, teremka."

"Ndiyo kwanza naliwasha," alisema Zumreta.

"Shemeji, sina chuki nawe. Lakini mtu asiyejua mafuta gani anatia kwenye gari, mimi simwachii roho ya mama yangu."

Kioo cha nyuma kiliteremka chote, mpaka chini.

"Nimetia mimi," alisema Mevla.

"Mama, usimtetee."

"Simtetei. Nataka kilicho changu. Wewe, Zumreta, mambo yako yote ni mazuri, lakini kosa langu usiniibie. Nimelibeba dumu kwa mikono hii, nusu limenimwagikia, nikarudi kwa mara ya pili. Ni mimi Mevla."

Hivzo alimtazama mama yake, kisha Zumreta, kisha matofali. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imelainika, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Sasa mama, huoni? Ndiyo maana nasema. Umri umefika. Hukumbuki tena mambo."

"Nakumbuka kila kitu! Nakumbuka ulivyotia sukari kwenye trekta ya baba yako ukidhani itakwenda mbio. Tulikuhamisha nyumba? Baba yako aliuza farasi mzima kwa kumwona kilema, tukamhamisha? Nimekosea kwenye uwanja huu miaka hamsini na minne, nikaamka kesho yake nikakamua. Siku nitakapokuwa na haki ya kufia hapa na sina haki ya kukosea hapa, siku hiyo nizikeni, hiyo si nyumba tena." Aligonga sakafu ya gari kwa mkongojo. "Zumreta! Washa!"

Zumreta aliingia, akageuza ufunguo nusu. Kitaa cha njano kikawaka. Akangoja kizime, akageuza tena, akangoja tena, ili plagi zipate joto la kutosha. Akapiga stata.

Injini ilizunguka, ikazunguka, ikakohoa. Ikashika silinda moja, ikaikosa. Zumreta hakuachia. Gari zima likatetemeka, moshi mweupe ukajaa banda, ng'ombe wakapiga kelele, Zulfo akakimbilia mlango. Kisha silinda zote zikakubaliana na mngurumo ukatulia, mzito, wa kifuani.

Mevla aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza.

"Huyo," alisema. "Msikieni. Alikuwa hivyohivyo tangu mdogo. Hakuna asubuhi aliyoamka bila kugombezwa."

Hivzo alikuwa ameelewa ghafla pipa ni lipi, na mafuta ya nani. Aligeuka upesi, akasukuma mlango wa pili wa banda mpaka mwisho, akauzuia kwa mgongo usirudishwe na upepo, uso ameuelekeza nje kwenye theluji wasiuone.

Gari lilimpita polepole. Mevla aliamuru lisimame.

"Nije nyuma yenu?" aliuliza Hivzo bila kugeuka. "Kama litazima njiani."

"Njoo," alisema mama yake. "Ila usitupigie honi. Kaka yako hakupenda kuharakishwa."